Siku moja yangu Goma: mbwa walioachwa, chanjo na shida ya barafu

Watu wananiuliza kwa WhatsApp, sasa nyinyi wa kutibu wanyama mnafanya nini hasa na mbwa wakati mji uko vile? Basi ngoja niwaeleze siku moja tu, Alhamisi ya katikati ya Februari 2025. Kwa asiyejua, waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, mwisho wa Januari, umeme na maji vikakatika, watu wengi wakavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na mtu anayekimbia na watoto na godoro kichwani mbwa atambebaje? Mbwa wakabaki kwenye maparseli, yaani viwanja vya nyumba.

Saa 12 asubuhi. Barafu kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, ikishapata joto imekufa hiyo, unamchoma mbwa maji matupu na mwenye mbwa anadhani amekingwa. Na umeme wetu leo upo, kesho haupo. Kuna mama anauza samaki mtaa wa Birere, ana friza na jenereta, ananigandishia chupa za maji, nikitoa hela anakataa. Ananiambia, mwanangu, mbwa akiuma mtoto wangu wakati huu nitamkimbiza wapi, hospitali zote zimejaa watu wa risasi. Huyo mama ameelewa kazi yetu kuliko wasomi wengi.

Saa 2. Tunaanzia mtaa wa Himbi mimi na Papa Dokta, mzee wangu wa kazi, yeye ndiye mganga wa wanyama mimi ni msaidizi. Nyumba nyingi zimefungwa, sentinele (mlinzi) amebaki peke yake na hata yeye mwenyewe hajala vizuri. Tunapita na fufu (ugali) iliyochanganywa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliovunjikavunjika, tunarusha juu ya ukuta pale ambapo geti halifunguki.

Kwenye parseli moja mbwa amefungwa kwa kamba ya nailoni, wenyewe wameondoka, jirani alikuwa anampa maji tu kwa tundu la ukuta. Alikuwa mdogo bado walipomfunga, shingo imekua na kamba imezama ndani ya nyama, ukiangalia kwa mbali unaona tu mstari mweusi wa manyoya yaliyolowa, ukisogea ndiyo unaona funza. Hakubweka, sauti ilishaisha. Nikamfunga mdomo na kipande cha kitenge, Papa Dokta akaingiza mkasi wenye ncha butu polepole chini ya kamba huku anamwambia tulia baba, tulia, kama anaongea na mgonjwa wa kibinadamu. Kamba ikatoka na ngozi. Tukaosha na maji ya chumvi, tukatoa funza mmoja mmoja, sindano ya antibiotiki, na chanjo akapata palepale.

Jamani, ukikimbia fungua kamba. Hata kama huna la kumwachia, fungua kamba, fungua na banda la kuku na sungura.

Saa 5. Njia ya Bulengo. Wiki hiyo ndiyo wakimbizi wa kambi ya hapo waliambiwa waondoke ndani ya saa 72, kwa hiyo barabara imejaa tshukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zenye mashitingi (maturubai), masufuria, kuku waliofungwa miguu. Mbuzi wanauzwa kwa bei ya kulia, kwa sababu benki zimefungwa na mtu anataka nauli ya kurudi kijijini ambako hata hajui kama nyumba ipo. Tulichanja kwenye uwanja wa kanisa, watoto ndio wanaoleta mbwa, kila mmoja na kamba ya kitambaa, na wanasimama mstari vizuri kuliko wakubwa.

Kuna papa (baba) mmoja alitusemesha kwa ukali, kwa nini msiwapige risasi wote? Simlaumu. Watu waliona mbwa kwenye maiti barabarani zile siku za vita na hawawezi kumwangalia mbwa kama zamani. Lakini ukiua mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, hawajachanjwa, na unakuwa umeua na wale waliokuwa wameshakingwa. Ukifikisha mbwa 70 katika kila 100 wenye chanjo ugonjwa unakosa pa kupita. Papa Dokta alimweleza hivyo bila kupandisha sauti, yule papa akanyamaza, akaenda, akarudi na mbwa wake.

Saa 8 mchana. Mtoto wa miaka kama saba kaumwa na mbwa mguuni, mama yake ameshapaka majani. Tukaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, natazama saa, mtoto analia mama naye anataka tuache lakini hapo huachi, ndiyo dawa ya kwanza hiyo. Halafu pikipiki mpaka hospitali akachomwe chanjo yake, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna daktari wa kumrudisha mtu, karibu wote wanakufa. Yule mbwa tulimpata, tukamfungia kwa jirani aangaliwe siku 10.

Saa 10. Simu ya mfugaji wa Masisi, ng'ombe wamechukuliwa na watu wenye bunduki, waliobaki wana vidonda vya risasi. Barabara hatuwezi. Papa Dokta akamwelekeza kwa simu namna ya kusafisha, mpaka salio likaisha.

Saa 12 jioni tuko nyumbani, usiku hatutembei. Namtumia mwenye mbwa wa Himbi picha, yuko Gisenyi, amejibu kwa sauti analia na kuomba tusimpe mtu mwingine.

Kwa hiyo walio Himbi na Keshero: tunatafuta parseli zenye ukuta mzima za kuwaweka waliojeruhiwa, na mtu yeyote mwenye friza inayofanya kazi. Chupa za maji tunaleta wenyewe.