Taa nyekundu na kisigino cha shemeji

Wapagazi wa hapa Moshi wanajua hii, kupanda Kilimanjaro sio ishu, ishu ni kushuka, ile kano ya nyuma ya kisigino inawaka moto na asubuhi ukitoka kitandani hatua za kwanza unatembea kama bata. Shemeji yangu limemkuta, mtu wa fiziotherapia akamwekea leza, basi mtaani wakaanza oh kachomwa mionzi. Jamani hapana, hii sio eksirei, ni mwanga tu, mwekundu wenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 650 au ule usioonekana wa 800 na kitu, unaingia hadi kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, unasaidia kutengeneza nishati na kupoza uvimbe. Aliyeanzisha tiba hii ni Endre Mester, daktari wa Hungaria, miaka ya 1960, panya aliowanyoa na kuwamulika leza wakaota manyoya haraka. Ila dozi ndo kila kitu bana, ikizidi faida inapotea, na zile taa za bei chee za mtandaoni nyingi hazisemi hata nguvu yake. Mi naona bila mazoezi unajisumbua: simama ukingoni mwa ngazi, shusha kisigino polepole, pandisha, rudia. Shem anafanya barazani kila jioni, analalamika mwanzo mwisho, lakini anafanya.