Ukurasa wa Biblia ndani ya jalada la askari

Leo mchana, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Washington, mimi na mume wangu tumesoma jalada la mhenga wake aliyepigana Vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza.

Mjane wa askari huyo aliomba ardhi kwa sheria ya Marekani ya 1855, iliyowapa askari au wajane wao ekari 160 hata kwa utumishi wa siku 14 jeshini.

Ili kuthibitisha ndoa, aliambatisha ukurasa uliokatwa kutoka Biblia ya familia, wenye majina ya watoto wote, wakiwemo wawili tusiowajua kabisa. Karani aliandika jina la mjane, naye mjane akaweka alama ya X katikati badala ya saini. Machozi yalinitoka.

Hati ya kudai ardhi aliyopewa aliiuza, kama wengi walivyofanya, hivyo hatimiliki ya ardhi yenyewe ina jina la mnunuzi. Ndiyo maana nasisitiza ombi lenyewe lisomwe.

Ndugu zangu, nani amewahi kupekua majalada haya?