Siku yangu kati ya toki zinazofanana

Mimi ni fundi wa redio za mkononi hapa Lubumbashi, zile ambazo walinzi, madereva wa malori na watu wa migodi wanabana kitufe ubavuni ndipo waongee. Wateja wangu wanaziita toki, nami naziita hivyohivyo. Naandika siku ya juzi jinsi ilivyokwenda, kwa sababu karibu kila aliyeingia karakanani alikuwa amenunua toki, au anataka kununua, kwa kuangalia sura yake tu. Hilo linanisumbua moyo. Sura ya toki haikuambii hata nusu ya habari zake, na kuna mahali ambapo nusu iliyobaki ndiyo inayolinda maisha ya mtu.

Saa 12:15 asubuhi

Natoka Katuba mapema, kabla barabara ya kuingia mjini haijajaa. Ni kiangazi, vumbi jekundu limetanda, na manseba, dereva wa pikipiki anayenibeba, amejifunga kitambaa puani. Vumbi hilihili nitalikuta baadaye kwenye matundu ya spika na kwenye vyuma vya betri.

Saa 1:00

Usiku umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi alfajiri. Kwa hiyo kabla ya chai napita kwenye chaja moja moja kuangalia taa. Kijana ninayemfundisha kazi amenitangulia, ameshapanga betri mezani, ila za toki aina ya GP340 na za GP344 ziko fungu moja.

“Yaya, si ni toki ileile?” ananiuliza. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nampa zote mbili azishike. Zote ni Motorola, zote za analogi, zote zina chaneli 16 na hazina skrini. Mlinzi akiongea kwenye hii au ile, wa upande wa pili hatajua tofauti. Lakini GP344 ni ya umbo dogo, na betri yake haiingii kwenye GP340. Hata plagi ya kipaza sauti cha begani ni tofauti. Ndivyo ilivyo kwa GP380 na GP388 pia: zote zina skrini, vitufe vya namba na chaneli 255, ila moja ni pana na nyingine ni ndogo. Anayejaza kikosi chake kwa toki za mitumba bila kulijua hili anajikuta na rafu ya chaja zisizomfaa. Kijana ametenganisha mafungu, na safari hii ameandika kwa kalamu kwenye mkanda wa karatasi.

Saa 2:30

Anaingia Papa mmoja, msimamizi wa walinzi wa kampuni inayolinda maghala. Ameshika begi zito.

“Jambo, Mama fundi.”

“Jambo sana, Papa. Karibu, kaa.”

Anatoa GP340 na kuzipanga mbele yangu, za zamani upande mmoja, zilizonunuliwa karibuni upande mwingine. Zinawaka, zinatoa mlio wa kuanza, lakini za zamani na mpya hazisikilizani. Aliyemuuzia amemwambia ni programu tu, fundi ataweka chaneli na mambo yataisha.

Nachukua moja kutoka kila upande, natoa betri. Jibu liko hapo nyuma, kwenye lebo ndogo ambayo betri inaifunika. Namba ya toki ya zamani inaanza MDH25K. Ya ile mpya inaanza MDH25R. Herufi ile moja baada ya 25 ndiyo shida yote ya Papa. Kwenye familia hii ya GP, K maana yake ni VHF, masafa ya 136 mpaka 174 MHz. R maana yake ni UHF, 403 mpaka 470. Ukiendelea kusoma utakuta herufi nyingine inayoeleza uso: GP340 isiyo na skrini ina C, GP360 yenye skrini na vitufe vichache ina F, GP380 yenye vitufe vyote ina H. Lakini kwa Papa huyu, K na R zilitosha.

Namweleza polepole, kwa sababu anadhani namkatalia kazi. Programu inachagua masafa ndani ya uwanja ambao toki ilitengenezewa. Haiwezi kuihamisha uwanja. Wimbi la VHF la 150 MHz lina urefu wa mita 2 hivi, la UHF la 450 MHz lina kama sentimita 67. Mitambo ya ndani imekatwa kwa kipimo cha wimbi lake, na antena pia. Ndiyo maana antena ya VHF kwa kawaida ni ndefu zaidi, ingawa usiiamini antena peke yake, watu wanabadilishana. Nimeshapokea toki ya VHF iliyofungwa antena ya UHF, mwenyewe akilalamika kwamba haifiki hata nje ya geti. Toki ya namna hiyo haipotezi umbali tu. Nguvu inayokosa pa kutokea inarudi ndani na kuchosha transista ya mwisho ya kurushia.

“Basi pesa zetu zimepotea?”

Hazijapotea, Papa. UHF inafanya kazi vizuri ndani ya majengo ya zege na mabati, inapenya penye upenyo mdogo. VHF inakwenda mbali zaidi penye uwanda na miti. Walinzi wa ndani ya maghala wapewe UHF, wa uzio wa nje wabaki na VHF, na kituo cha ulinzi kiwe na toki moja ya kila aina. Lakini kwanza aangalie leseni yao. Masafa yanagawiwa na ARPTC, mamlaka ya nchi inayosimamia mawasiliano, na kama karatasi yao inataja ya VHF peke yake, hizi za UHF zikae kwenye begi mpaka ombi jipya lijibiwe. Ndiyo sababu nasema kila siku: leseni kwanza, toki baadaye.

Alipoondoka alikuwa ameandika herufi zile mbili kwenye kiganja.

Saa 5:00

Enjenia kijana wa kampuni ya kandarasi za mgodi amekuja na orodha yenye majina matatu ya toki za Motorola: DP4400e, DP4401e, DP4801e. Anataka nimwambie ipi ni nzuri. Mimi namuuliza watu wake wanafanya kazi wapi na wanavaa glavu za namna gani.

Familia hii inaelewa DMR, yaani lugha mojawapo ya redio za dijitali, na pia analogi, kwa hiyo toki za zamani za wenzake hazitakuwa bubu siku ya kwanza. Kwa DMR chaneli moja ya 12.5 kHz inagawanywa zamu mbili za muda, na makundi mawili yanaongea bila kuingiliana. Hapo zote tatu ni sawa. Zinapoachana ni kwenye tarakimu. DP4400e haina skrini, ina chaneli 32. Ukiona 1 mwishoni, yaani DP4401e, umeongezewa GPS, Bluetooth na Wi-Fi, uso ukabaki uleule. DP4801e ina hayo yote pamoja na skrini ya rangi, vitufe vyote na chaneli 1000. Ile e nayo si pambo. DP4400 ya kabla yake ilikuwa na kinga ya IP57, yenye e ina IP68. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji, na kwa nchi yetu yenye vumbi la Agosti na mvua ya Januari, tofauti hiyo naithamini kuliko skrini.

Kisha akasema anataka GPS ili amjue mtu aliyeanguka chini kabisa kwenye shimo. Nikamsimamisha. Ishara za GPS zinatoka angani, hazishuki chini ya mwamba. Kule chini mawasiliano yanabebwa na kebo maalumu inayovujisha mawimbi njia nzima, na kama anataka kujua mtu yuko wapi anahitaji mfumo mwingine uliofungwa kulekule. GPS inawafaa madereva na wapimaji walio juu. Tumekubaliana: DP4401e kwa walio juu, DP4400e kwa wa chini, na DP4801e moja au mbili kwa wasimamizi wanaohitaji kuita mtu mmojammoja. Bei ya jumla imeshuka, na kila mtu atapata kinachomfaa.

Saa 7:00 mchana

Nakula bukari, sombe na ndakala kwa Mama wa kona. Dakika ishirini, kisha kazi.

Saa 8:15

Dereva ametumwa kutoka ghala la mafuta, ana DP4401 Ex mkononi. Ujumbe aliopewa ni huu: toki hii ni dhaifu kuliko DP4401 nyingine walizonazo ofisini, fundi aifungue aiongeze nguvu. Ikishindikana, nimuuzie ya kawaida, maana jina ni lilelile na bei ni ya chini.

Nimekataa yote mawili, na nimempigia shefu wake mwenyewe ili asidhani dereva amekosea kueleza.

Toki ya kawaida ya jamii hii inarusha wati 5 kwa VHF au wati 4 kwa UHF. Yenye Ex inarusha wati 1. Haijaharibika, imefanywa hivyo kwa makusudi. Imetengenezwa kwa mahali penye mvuke wa mafuta au gesi inayoweza kuwaka, na kila kitu ndani yake kimebanwa ili pasitokee cheche wala joto la kuwasha moto, hata toki ikipata hitilafu. Betri yake ina kibali chake, na haibadilishwi pale penye mvuke. Unatoka nje ya eneo hilo kwanza. Vifaa vya kuchomeka navyo vinatakiwa viwe na kibali hichohicho. Hata mimi fundi siruhusiwi kuifungua: toki ya Ex ikiharibika inakarabatiwa na karakana iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na ikishafunguliwa na mwingine, ile alama iliyo kwenye lebo haina maana tena. Itaonekana nzima, itaongea vizuri, na mtu ataingia nayo kati ya matangi akiamini yuko salama.

Shefu alinyamaza kidogo, kisha akauliza afanye nini na umbali. Hilo lina dawa. Antena ya kituo ipandishwe kwenye mlingoti, nje ya eneo la hatari, na ifungwe repita ili sauti ya wati 1 ipokelewe na kurushwa upya kwa nguvu. Nimesafisha vyuma vya nje vya betri kwa kitambaa kikavu, nimeirudisha toki kama ilivyokuja. Sikuchukua malipo.

Saa 10:00 jioni

Simu kutoka Kolwezi, mwenzangu tuliyejifunza kazi pamoja. Kampuni moja imemletea Kenwood za aina mbili, zimekaa kama mapacha: NX-1200D na NX-1200N. Amezipanga dijitali zote, masafa ni yaleyale, lakini kundi moja halisikii lingine. Namkumbusha kwamba D ni DMR na N ni NXDN, lugha mbili za dijitali zisizoelewana, na kuna A ambayo ni ya analogi peke yake. Angalau bendi ni moja, maana 1200 ni VHF; 1300 ndiyo UHF. Kwa leo azipe zote chaneli moja ya analogi, upana uleule na toni ileile, wafanye kazi. Baadaye mwenye mali achague lugha moja.

Saa 11:20

Kabla ya kufunga nawaandikia barua pepe wale wa maghala, waliotaka maneno ya kuweka kwenye oda yao ijayo. Nimeandika: jina kamili la modeli pamoja na herufi na tarakimu za mwisho, bendi na mwanzo na mwisho wa masafa, analogi au aina ya dijitali, namba ya betri na ya chaja, na Ex, kama kuna hata sehemu moja yenye mafuta au gesi. Papa msimamizi amejibu palepale akiomba niongeze mstari mmoja: muuzaji atoe betri, aipige picha lebo ya nyuma ya kila toki, na picha zifike kabla ya malipo. Nimeuweka juu kabisa ya orodha.