Ukurasa wa kushoto uache wazi

Mwaka 2016 nilichomolewa simu mfukoni kwenye daladala la Mbagala, ikaondoka na orodha yangu ya vitabu na filamu 143. Simu yenyewe haikuniuma, simu hununuliwa nyingine. Orodha ndiyo niliyoililia. Miaka miwili nilikuwa naandika kila kitabu nilichokimaliza na kila muvi niliyoitazama hadi mwisho, na sikuwa na nakala popote.

Ila niseme kwanza kinachonikera mpaka leo. Wakati naanza, shemeji yangu, ambaye namheshimu kwa mengi, alinishauri niweke nyota. Kitabu kizuri tano, kibovu moja, basi. Alinitengenezea hadi jedwali kwenye simu. Nikafuata. Baada ya miezi saba nikarudi kulisoma nikakuta nyota nne, nyota nne, tatu, nne, nne. Riwaya iliyoninyima usingizi siku tatu ina nyota nne. Muvi niliyoitazama kwa kuwa umeme ulirudi na sina la kufanya, nayo nne. Hakuna hata neno moja la kunikumbusha nilishtuka wapi. Akitokea mtu akakushauri mambo ya nyota, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Basi, siku mbili baada ya kuibiwa nilinuna. Ya tatu nikajiambia: vitabu vingi sikununua, niliazima, na mwenye kitabu hamsahau aliyekichukua. Nikaanza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja jirani, mwalimu mstaafu, ana kabati zima la riwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata kingine?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuuliza niliazima vipi na vipi."

Akaanza kunihesabia kwa vidole, mikono miwili ikaisha akarudia wa kwanza. Alipofika cha kumi na nne akaninyooshea kidole. "Na kile cha jalada la kijani ulinirudishia na doa la chai." Akaingia ndani akakileta. Doa lipo, ukurasa wa 61, nusu duara ya kitako cha kikombe, rangi imekwajuka. Pale pale ikanirudia jioni nzima: masika, bati linapiga kelele, nasoma kwa mshumaa, nimefika mahali ambapo bibi harusi anavua viatu ili akimbie, nikaweka kikombe juu ya karatasi bila kuangalia. Nyota zangu zote 143 zilikuwa hazijanihifadhia jioni moja kama ile.

Siku hiyo nilitoka na majina kumi na tisa. Mzee anayepanga vitabu vya mtumba chini, pembeni mwa barabara ya Samora, alinipa tisa mengine, na yeye alikumbuka kwa bei tu: "Kile cha picha ya meli ulinibembeleza mpaka nikakuachia kwa buku mbili." Maktaba Kuu pale Bibi Titi nilikwenda mara mbili, nikapita rafu kwa rafu nikisoma migongo ya vitabu hadi macho yakauma.

Muvi zilinitesa zaidi. Nyingi nilizionea kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, zimetafsiriwa na Lufufu, aliyekuwa akiingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya muvi, na jina linaloandikwa kwa chaki ubaoni mara nyingi silo la muvi yenyewe. Tulizijua kwa visa: ile ya mapacha waliopotezana sokoni, ile ya mzee kipofu anayepigana. Nilihangaika wiki mbili kutafuta majina halisi, mwisho nikaacha, na nafurahi niliacha. Muvi ya kibanda naiandika kwa jina la ubaoni na sauti iliyoitafsiri, kwa sababu ndicho nilichokiona. Ukimwondoa Lufufu, hiyo ni muvi nyingine, iandikwe peke yake.

Nilirudisha 118. Zile 25 sijazipata hadi leo.

Baada ya hapo simu sikuiamini tena. Nilinunua kaunta buku, kwaya tatu, elfu nne au tano hivi. Naandika ukurasa wa kulia tu: jina, mwandishi au mwongozaji, nilikipata kwa nani, nilikuwa wapi, halafu kitu kimoja nilichokiona. Kimoja tu. Hadithi siisimulii, iko kwenye kitabu chenyewe. Na naandika usiku uleule, maana nikishalala, asubuhi najikuta naandika maoni niliyoyasikia kwa watu.

Ukurasa wa kushoto unabaki mweupe. Kaka yangu alisema naharibu karatasi. Nikamwonyesha nilipoandika *Vuta n'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1999. Kulia, 2017, nimejaza Denge mtupu, yule mpinga ukoloni, anavyowakwepa askari wa Mwingereza, nimeandika hadi pambizoni. Amil Shivji akaja na filamu ya riwaya hiyo 2021. Nilipoitazama nikafungua ukurasa uleule, nikaandika kushoto: "Mwajuma. Mbona mara ya kwanza sikumwona?" Nikarudi kitabuni, nikakuta Yasmin, binti aliyemkimbia mumewe, anakimbilia kwa nani? Kwa Mwajuma, Ng'ambo ya Zanzibar. Yule mwanamke anampa mahali pa kulala, anamtambulisha kwa watu, na mimi kurasa zote zile namsubiri Denge tu. Kaka alisoma pande zote mbili, akanyamaza, kisha akaniomba kitabu cha Shafi. Nimeandika tarehe aliyokichukua.

Kushoto pengine hukaa wazi miaka. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah niliisoma kwa Kiingereza 2018, kwa tabu. Kulia niliandika: "Yusuf anamwita tajiri ami, Khalil anamkatalia kuwa si ami yake." Sikuongeza kitu. Mwaka 2022 ikatoka *Peponi*, Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Hiyo nilimsomea mama yangu kwa sauti, jioni baada ya magharibi, yeye anachambua mchele kwenye ungo. Tulipofika pale inapojulikana kwamba mtoto ametolewa kwa ajili ya deni la baba yake, mkono ukasimama juu ya ungo.

"Umeandika hilo kwenye daftari lako?"

"Bado, mama."

"Basi andika na mimi. Andika kwamba huyo baba nimemkasirikia."

Nimeandika, kushoto, na jina lake, na tarehe.