Celica GT-Four RC ya Dodoma: nilivyohakiki, nilivyonunua na ilipofikia

Watu wananiuliza sana kama ile Celica nyeupe niliyonunua ni RC ya kweli, yaani lile toleo maalumu la rali, au ni GT-Four ya kawaida iliyovalishwa bampa na boneti, kwa hiyo naandika yote hapa nipumzike kujibu mmoja mmoja. Ni ya kweli. Ila nilikuwa tayari kuiacha pale pale kama isingekuwa, na hilo ndilo nataka wenzangu mnaotafuta magari ya aina hii mlione, maana dalali akishajua umeipenda gari hata bajaji atakwambia ni limited.

Kwa wasioifahamu, hii ni Toyota Celica bodi ya ST185, milango miwili, taa za kuchomoza, injini 3S-GTE ya cc 1998 yenye turbo, gia tano za mkono na inavuta tairi zote nne muda wote. Hiyo ni GT-Four ya kawaida, nguvu farasi 225 kwa vipimo vya Japani. Septemba 1991 Toyota wakatoa toleo la RC, farasi 235, Japani zikauzwa 1,800 tu. Ulaya gari hiyo hiyo iliitwa Carlos Sainz, jina la yule dereva Mhispania aliyekuwa bingwa wa dunia wa rali 1990 na Toyota, Uingereza zikaenda 440 na Australia 150. Jumla ni 5,000 dunia nzima, na hiyo namba haikutoka hewani, kanuni za Group A, daraja la magari ya rali, za wakati ule zilikuwa zinasema ukitaka kushindana na gari fulani lazima uwe umetengeneza 5,000 za barabarani zinazofanana nayo kwenye mambo ya msingi. Yaani Toyota hawakuwa wanatufurahisha wateja, walikuwa wanatafuta ruhusa ya kuingiza intakula ya maji (intakula ni kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na boneti ile kwenye rali, sisi tukapata kwa mgongo huo.

Na ruhusa ilizaa matunda. 1992 Sainz akashinda Safari Rally ya Kenya na ST185, 1993 Juha Kankkunen wa Finland akashinda na Toyota wakachukua nafasi nne zote za mwanzo, 1994 Ian Duncan, Mkenya kabisa, akashinda nyumbani kwao. Mzee aliyeniuzia gari ndiyo hiyo ya 1994 iliyompa ugonjwa, alikuwa anafuatilia kwenye redio, akasema siku akipata hela atanunua "ile ya Duncan". Akanunua kweli.

Gari ilikuwa Kondoa. Dalali mmoja wa hapa mjini alinitumia picha tatu zenye giza, gari iko chini ya banda, turubai limefunuliwa nusu, namba A, yaani ilisajiliwa zamani, nyuma ina stika kubwa CARLOS SAINZ. Maelezo: "Limited edition og, bei maelewano." Stika ndiyo iliyonitia shaka. Gari ya usukani wa kulia iliyotoka Japani haiwezi kuwa ilizaliwa na jina la Carlos Sainz, hilo ni jina la Ulaya, kwa hiyo mtu aliibandika baadaye, na mtu anayebandika stika anaweza kubandika na bampa. Nikamwambia dalali anitafutie picha ya kile kibao cha chuma kwenye ukuta wa injini. Akanitumia picha ya kadi ya gari. Nikamwambia kibao. Akanitumia picha ya dashibodi. Nikaona isiwe tabu, nikapanda basi.

Mzee nilimkuta amekaa nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Umekuja kununua au kuangalia?"

"Kuangalia kwanza mzee wangu."

"Haya, angalia. Wote wanaangalia."

Sasa twende kwenye ukaguzi. Mimi huwa nagawa ushahidi mafungu mawili, vile vinavyofungwa kwa bolti na spana za kawaida, na vile ambavyo mtu akitaka kuvighushi atatumia hela nyingi kuliko faida atakayopata. Fungu la kwanza usilipe hata mia kwa ajili yake. Boneti ya RC ni tofauti na ya GT-Four ya kawaida, ya kawaida ina lile tundu kubwa lililonyanyuka kwa ajili ya intakula inayokaa juu ya injini, ya RC halina hilo, ina matundu yake ya kutolea joto la turbo na jingine dogo la kupeleka upepo upande wa taimingi belti. Bampa la mbele nalo lina midomo mipana zaidi ya kuvuta hewa. Vizuri kuviona, ila vyote hivyo Japani wanauza vikiwa peke yake na fundi anavifunga asubuhi mchana unaendesha.

Fungu la pili ndiyo nililoendea. Ukifungua boneti ya GT-Four ya kawaida utaona intakula ya hewa imelala juu ya injini. Ya RC hewa ya turbo inapozwa kwa maji, ina mzunguko wake wa maji usiohusiana na maji ya injini, ina rejeta yake ndogo ya mbele, pampu yake ya umeme, na mahali pake pa kujazia maji. Nikalala chini na tochi kufuatilia mipira mmoja mmoja. Rejeta ndogo ipo, vishikio vyake vimechomelewa kiwandani na vina rangi ya kiwandani, waya za pampu zimeingia ndani ya fungu kubwa la waya bila kuungwa kwa selotepu. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio lakini sura nikaikaza maana dalali alikuwa ananiangalia mimi badala ya gari.

Kibao sasa. Toyota za soko la Japani za miaka ile hazina VIN (namba ya utambulisho wa gari) ndefu ya herufi na namba 17 kama za Ulaya na Marekani, zina chesisi namba fupi inayoanza na kodi (code, sio ile ya TRA) ya bodi, na kibao kinachobeba modeli kodi, injini, chesisi, kodi ya rangi na ya ndani, gia boksi na difu. Nikapiga picha kibao, nikapiga chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, nikapiga namba ya injini kwenye bloku, nikalinganisha na kadi. Zote zimeoana. Ila kadi yetu haitakusaidia kujua kama ni RC, kadi inasema Toyota Celica basi, mwaka, rangi, cc, imeisha hiyo. Kadi ni ya kuhakikisha hujauziwa injini ya mtu mwingine.

Kinachomaliza ubishi ni modeli kodi. Nilikaa pale pale kwenye benchi la mzee nikaingiza chesisi kwenye katalogi ya spea za Toyota, mtandao unapanda unashuka, ikaja mwezi wa kutengenezwa mwishoni mwa 1991, modeli kodi ikawa ile ile ya kwenye kibao, rangi 040 ambayo ni nyeupe ya Toyota, na ukifungua mchoro wa intakula kwa chesisi hiyo unaletewa ya maji. Hapo sasa ndiyo nikajua. Rivati za kibao nazo nilizikagua, hazijawahi kutolewa, hakuna mkwaruzo.

Nilikuwa pia na sumaku ndogo nimeifunga kwenye kitambaa, nikaizungusha bodi nzima. Bawa la nyuma kushoto ikagoma kushika sehemu kama kiganja, puti, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi. Mzee akasema punda. Nikaamini, Kondoa punda wapo. Hiyo puti ilinisaidia kushusha bei, na bei siitaji hapa kwa sababu mama watoto anasoma.

Kuhusu kuagiza Japani badala ya kununua hapa, nililipiga hesabu hilo kabla. Ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake ule wa uchakavu kwa gari iliyozidi miaka kumi, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya mlima wote huo, na bado meli na bandari. Na RC Japani kwenyewe siku hizi wameshajua thamani yake. Gari ambayo tayari ina namba A ni gari ambayo mtu mwingine alishaulipia huo mlima zamani, asante mzee.

Kubadili jina la kadi kulienda kawaida. Gari ikaja Dodoma juu ya fuso maana matairi yalikuwa yamekufa na sikutaka kuwasha injini iliyokaa muda bila kuikagua, ikashushwa gereji Kizota.

Fundi wangu ni mtu wa Noah na RAV4, na hilo sio tusi, familia ya injini ni ile ile ya 3S, kwa hiyo mkono wake unajua njia. Ila hedi, pistoni na mambo yote ya turbo ni kitu kingine na aliposhika kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo. Tukatoa plagi, tukatia oili kidogo kwenye silinda, tukazungusha injini kwa mkono mpaka ikalainika. Kampresheni ikapimwa, silinda zote nne zimekaribiana. Turbo ikashikwa shafti, haina mchezo. GT-Four za kawaida za Japani zilikuja na tabani (lile gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi wa injini) ya kauri, RC ikapewa ya chuma, na kwa gari inayoishi kwenye joto na vumbi la Dodoma mimi nafurahia chuma. Taimingi belti, wota pampu, sili, oili za gia boksi na difu, vyote vipya bila mjadala, belti ya 3S-GTE kiwandani wanasema kilomita 100,000 lakini mpira uliokaa miaka yote hiyo hauhesabiwi kwa kilomita.

Kesi kubwa ikawa intakula. Mfumo wake wa maji ulikuwa umejazwa maji ya kisima. Jamani. Mnajua maji ya huku kwetu, birika la chai tu miezi michache linaota gamba jeupe ndani, sasa fikiria vinjia vyembamba vya intakula. Pampu ilikuwa imeganda, rejeta ndogo imeziba nusu. Fundi akatoa hoja yake, na ni hoja wanayoitoa wengi wenye RC hata huko nje: ng'oa huo mfumo wote, weka intakula kubwa ya hewa mbele, uzito unapungua na vya kuharibika vinapungua. Kwa gari ya kawaida ningekubali. Kwa hii nilikataa, maana huo mfumo ndio sababu gari ilitengenezwa, ukiutoa unabaki na GT-Four yenye boneti ya ajabu. Na una akili yake, njia ya hewa kutoka turbo mpaka injini inakuwa fupi, mguu ukigusa gari inajibu, na maji yanabeba joto vizuri kwenye mwendo wa polepole ambapo intakula ya juu ya injini inachemka yenyewe.

Kwa hiyo tukaitoa, nikaizungushia siki iliyochanganywa na maji, kidogo kidogo na kwa uvumilivu maana ni aluminiamu hutaki kuila, nikasuuza na maji ya betri yale yasiyo na asidi. Gamba lililotoka lilijaza sufuria. (Sufuria imerudishwa jikoni, tusiendelee na hilo.) Pampu ilifunguliwa, ikasafishwa, tukaijaribu na waya mbili moja kwa moja kwenye betri, ikanguruma. Mipira yote mipya, na ndani sasa kuna kulanti iliyochanganywa vizuri, kisima marufuku.

Matokeo: nimeipeleka barabara ya Iringa mpaka Mtera na kurudi, mchana wa Novemba, eisii imewashwa. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na injini isiyo na turbo inakosa pumzi kidogo, hii haijui. Joto halikusogea. Mpira wa kutoa wa intakula niliposimamisha gari na kuushika ulikuwa vuguvugu tu. Askari mmoja alinisimamisha, akazunguka gari yote, akauliza inakula lita ngapi, akaniruhusu.

Bima bado ni ubishi. Kampuni niliyoenda inaangalia mwaka kwenye kadi, inaona 1991, inaniandikia thamani ya chuma chakavu. Nimeandaa faili, picha za kibao, kurasa za katalogi, risiti zote, natafuta mthamini atakayekubali kuisoma. Ushauri kwa yeyote mwenye gari ya toleo maalumu: hilo faili lianze siku ya kwanza.

Stika ya Carlos Sainz nimeitoa. Vijana wa gereji walilalamika.

Kilichobaki ni bushi za nyuma, bawa la kushoto lipigwe upya bila puti, na taa ya kushoto ambayo inachomoka nusu inasinzia halafu inamalizia ikijisikia. Mota yake nimeifungua, gia za ndani zimelika, kwa hiyo naagiza. Kama kuna mtu Ilala au Gerezani huko Dar ameona Celica ya taa za kuchomoza imelala kwenye skrepa, hata isiyo GT-Four, anishtue, nataka mota ya kushoto tu.