Kupima wochipointi za GDB kwenye programu yenye nyuzi nyingi

Katika programu zenye nyuzi nyingi (threads, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja), hitilafu inayochosha kuliko zote ni ya kigeu kinachobadilika bila kujulikana ni uzi upi uliokibadilisha. Kuchapisha ujumbe huku na kule hakusaidii sana, kwa sababu ujumbe wenyewe hubadili mwendo wa nyuzi na mara nyingi hitilafu hujificha. Kwa kazi hiyo vitatuzi, yaani programu za kutafutia hitilafu, kama GDB na LLDB vina wochipointi: unakitajia kitatuzi kigeu unachokishuku, unaiacha programu iendelee, nayo husimamishwa pale kigeu hicho kinapoandikwa. Mimi naitegemea zana hii sana, na ndiyo maana nasisitiza kwamba nayo lazima ipimwe, maana kitatuzi kikinyamaza wakati kigeu kimeandikwa humpeleka mtafutaji kwenye uzi usio na kosa lolote. Ninayoyaeleza hapa yanahusu GDB kwenye Linux, kwa prosesa za x86-64.

Tangu prosesa ya 80386 ya Intel, iliyotoka mwaka 1985, jamii hii ya prosesa ina rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) maalumu za utatuzi. DR0 hadi DR3 hubeba anwani nne za kumbukumbu, DR7 hueleza ni zipi kati ya hizo zinazofanya kazi, za kuandika tu au za kusoma na kuandika, na zenye upana wa baiti ngapi, wakati DR6 huonyesha ni ipi iliyoguswa. Kila rejista huweza kulinda baiti 1, 2, 4 au 8, na anwani yake sharti igawanyike kwa upana huo. Jambo la kushika ni kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huhifadhi rejista hizi kwa kila uzi peke yake na kuzirudisha uzi huo unapopewa zamu, kwa hiyo kinachoandikwa kupitia ptrace (wito wa Linux ambao kitatuzi hutumia kudhibiti programu nyingine) huhusu uzi mmoja tu. Anayeandika `watch hesabu` hudhani ametoa amri moja juu ya kigeu kimoja, kumbe GDB inapaswa kuifikisha kwa kila uzi uliopo na kwa kila uzi utakaozaliwa baadaye.

Jaribio langu la kwanza huanzia hapo. Programu husimamishwa mwanzoni mwa funksheni ya main, wochipointi huwekwa kabla ya pthread_create, inayozaa uzi mpya, kuitwa, na uzi mpya pekee ndio unaokiandika kigeu. Kitatuzi kikisahau kuupelekea uzi huo rejista zake, programu itafika mwisho salama bila kusimama popote. Majaribio yanayosafiri na GDB yenyewe, yaliyoandikwa kwa lugha ya Tcl juu ya DejaGnu, mfumo wa kuendeshea majaribio, na kuwekwa kwenye folda ya gdb.threads, yana mifano mizuri ya aina hii. Lile liitwalo watchthreads lina nyuzi mbili, kila mmoja ukiongeza nafasi yake ndani ya safu moja, na wochipointi mbili ambazo zote lazima zionekane zikifyatuka. Lile la wp-replication huhakikisha kwamba wochipointi imefika kwenye kila uzi.

Kabla ya kuamini matokeo yoyote, soma kwanza mstari ambao GDB inaujibu. Ikiandika "Hardware watchpoint 2: hesabu", rejista zinatumika. Ikiandika "Watchpoint 2: hesabu" tu, basi imeamua kufanya kazi hiyo kwa programu, yaani kutembeza agizo moja moja na kulinganisha thamani kila mara, jambo ambalo mwongozo wake unakiri kuwa laweza kuwa polepole mara mamia. Safu ya baiti 40 yatosha kuifanya ibadilike hivyo, kwa kuwa rejista nne hazifuniki zaidi ya baiti 32. Kuchelewa huko kunavumilika. Lisilovumilika ni kwamba wochipointi ya namna hii huangalia uzi mmoja tu, na uzi mwingine ukikiandika kigeu GDB yaweza isitambue. Kwa hiyo jaribio lisilokagua mstari huo linaweza kuwa linapima kitu kingine kabisa. Ukitaka kuiona hali hiyo kwa makusudi, `set can-use-hw-watchpoints 0` inatosha.

Sehemu inayonivutia zaidi ni nyuzi mbili zinapoandika karibu kwa wakati mmoja. Chukua kigeu chenye thamani 0 na nyuzi mbili, A na B, kila mmoja ukikiongeza 1 kwa agizo lisilogawanyika (atomic), yaani lisiloweza kuingiliwa katikati na uzi mwingine. Kwenye x86 mtego, yaani taarifa ya prosesa kwamba anwani inayolindwa imeguswa, hufyatuka baada ya agizo kumaliza kuandika. A inafyatua, GDB inaanza kusimamisha nyuzi nyingine, lakini kabla B haijasimama nayo imekwisha kuandika. GDB inaposoma kumbukumbu inakuta 2, hivyo inaripoti thamani ya zamani 0 na mpya 2, na jina linalotajwa ni la A. Ukiendelea, tukio la B lililokuwa likisubiri linakaguliwa, thamani inaonekana haijabadilika tangu ripoti iliyopita, na `watch` inalipita kimya kimya. Hapo hakuna kilichoharibika ndani ya kitatuzi, lakini mtu asiyejua atadhani A imeongeza mbili na B haijafanya kitu.

Kwa sababu hiyo ninaandika jaribio hili kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza kigeu kinalindwa na kufuli, na kwa kuwa uzi ulioandika unasimamishwa ukiwa bado umeshika kufuli, mwingine hauwezi kuandika mpaka uachiwe. Hapa idadi ya kusimama lazima iwe sawasawa na idadi ya maandishi, na uzi unaotajwa lazima uwe ule uliobeba kufuli. Katika namna ya pili hakuna kufuli, na kudai idadi kamili kungekuwa kuionea GDB. Ninachodai ni kwamba thamani mpya ya kila ripoti iwe ndiyo ya zamani katika ripoti inayofuata, na ya mwisho ilingane na jumla inayotarajiwa. Nikitaka kumwona B aliyejificha natumia `awatch`, ambayo husimama hata thamani ikiwa ile ile, ila lazima uongezaji uwe agizo moja, kwani msimbo uliotafsiriwa bila kuboreshwa husoma kwanza kisha ukaandika, na kila kimoja hufyatua mtego wake. Kamwe siwashi `set scheduler-locking on` katika majaribio haya. Uzi mmoja tu ndio utakaotembea na mgongano wote utapotea.

Vigeu vya ndani ya funksheni vina matatizo yao. GDB huweka brekipointi (alama ya kusimamisha programu ikifika mahali fulani pa msimbo) ya siri mahali funksheni itakaporudi, ili ijue lini kigeu kimekwisha muda wake na wochipointi ifutwe. Nyuzi mbili zikiwa ndani ya funksheni hiyo hiyo, ule usiohusika unaweza kutangulia kupita mahali hapo, na kitatuzi kisipolinganisha fremu (eneo la kumbukumbu la kila mwito wa funksheni) kitafuta wochipointi ya mwenzake. Jaribio la local-watch-wrong-thread linahusu jambo hili hasa.

LLDB imelitazama suala hili kwa upana zaidi, na naupenda utaratibu wake: kuna kundi zima la majaribio ya matukio yanayokutana, ambamo brekipointi, wochipointi, ishara za mfumo (signals) na programu kuanguka huchanganywa, baadhi yakicheleweshwa kidogo, na moja huendesha nyuzi 100 zinazokigusa kigeu kimoja.

Kutafuta aliyeandika kigeu, hakuna ninachokipenda kuliko rr, zana inayorekodi mwendo wa programu na kuurudia, kwa kuwa mwendo ukisharekodiwa unaweka wochipointi na kurudi nyuma kwa `reverse-continue` hadi kwenye andiko lenyewe. Kupima kitatuzi ni suala jingine. rr huendesha nyuzi zote kwa zamu kwenye kiini kimoja cha prosesa, hivyo A na B hawawezi kuandika kwa pamoja, hata kwa `--chaos` inayovuruga mpangilio wa zamu. Jaribio la mgongano naliendesha nje yake, kwenye mashine yenye viini vingi, kwa kurudiarudia, na kila mwendo nauwekea kikomo cha muda, kwa sababu kitatuzi kilichopoteza tukio mara nyingine hakitoi kosa lolote bali hukaa tu kikisubiri.