Nilivyomtembeza Mama Lisbon na magoti yake mabovu

Kila niliyemwambia nampeleka mama Lisbon, mji mkuu wa Ureno, alinijibu hayo kwa hayo: ule ni mji wa vilima, mzee wa magoti ataona nini? Mpandishe tramu ya njano, azunguke, mrudi hotelini. Siku ya kwanza nikafuata ushauri huo, na hadi leo unaniuma. Pale Martim Moniz, kwenye kituo cha tramu, tulipiga foleni zaidi ya saa nzima, mama kaegemea ukuta. Tulipopanda hapakuwa na kiti. Akabanwa katikati ya mabegi ya watu, mji wenyewe hauoni. Aliposhuka alinishika mkono. “Mwanangu, afadhali nitembee.”

Usiku ule nililala na ramani. Mama hashindwi kutembea. Anashindwa kupanda, na kushuka ngazi ndiko kunakomuumiza zaidi. Kwa hiyo nilitafuta kitu cha kumpandisha, kisha njia ya kuteremka isiyo na ngazi. Na kipo, tena cha bure! Pale Baixa, sehemu ya chini ya mji, mtaa wa Rua dos Fanqueiros, kuna jengo kama majengo mengine. Watu wanapita mlangoni hawana habari. Ndani mna lifti ya umma. Inakutoa Rua da Madalena. Unavuka, unatembea kidogo hadi Chão do Loureiro, jengo lililokuwa soko ambalo sasa lina supamaketi na maegesho, na humo mna lifti ya pili. Ukitoka juu, kuta za ngome ya São Jorge ziko karibu. Mama alitazama chini, akaona mapaa mekundu na mto Tejo, akasema Alhamdulillahi mara tatu. Hakuwa ametoka jasho.

Kutoka hapo tukafuata barabara yenyewe ya tramu, kwa mteremko mpole. Santa Luzia, kibaraza cha kutazamia mji, msipite bila kusimama: ukutani kuna vigae vya buluu na nyeupe vinavyoonyesha uwanja mkubwa wa ufukweni ulivyokuwa kabla ya tetemeko la 1755. Mtaa ulio chini yake ni Alfama, jina la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Mama alilidaka mara moja: “Si hamamu hiyo!” Vichochoro vyake tulivitazama kutoka juu tu, maana ni ngazi tupu. Na vaeni raba zenye soli ya kushika. Yale mawe madogo ya njiani yamesuguliwa miaka mingi hadi yanateleza hata yakiwa makavu.

Chakula cha mchana tulikula chini ya kanisa kuu, la Sé. Ukikaa tu, wanakuletea mkate, zeituni na jibini ambavyo hukuagiza. Ukila, unalipa. Mimi nilivirudisha kwa adabu na hakuna aliyenuna. Uliza “prato do dia”, chakula cha siku. Sisi wawili tulilipa euro ishirini na kitu. Supu yao ya caldo verde ina mboga iliyokatwa nyembamba kama sukuma wiki, lakini hutiwa soseji ya nguruwe, kwa hiyo tuliiacha. Tukachukua bacalhau à Brás: samaki wa chumvi aliyechambuliwa, akavurugwa na mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa kama njiti na kukaangwa. Mama alimaliza sahani, akaanza yangu.

Belém, alikozikwa Vasco da Gama, tulikwenda kesho yake kwa treni. Kule ni tambarare, hakuna shida.

Siku ya mwisho nilimpeleka Rua do Arsenal, kwenye maduka ya bacalhau. Samaki wamepasuliwa, wamekaushwa, wamepangwa kama mbao. Harufu ilipompata alisimama mlangoni, akacheka kwa furaha: ni papa mkavu wa sokoni kwetu Mombasa! Akanunua kipande kizito, tukakifunga vizuri kwenye sanduku. Nyumbani alikiroweka siku mbili, akibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha akakipika kwa tui zito la nazi na ndimu. Jirani zetu wote walionja.